Mkono Uliotoka Kambove

Mama alikuwa msusi, na msusi huhitaji mikono miwili juu. Watu hawalifikirii hilo mpaka walione limekatika. Mteja anakaa chini, kichwa chake kiko kati ya magoti ya mama, na mama anafanya kazi viwiko vikiwa hewani tangu asubuhi mpaka jua ligeukie upande wa viwanda vya Panda, pale kwetu Likasi. Wakati ule mtindo ulikuwa wa nyuzi. Unashika fungu la nywele, unalizungushia uzi mweusi kutoka shinani mpaka nchani, linasimama lenyewe, kisha unaliinamisha likutane na jingine. Kanisani Jumapili nilikuwa natazama vichwa vilivyokuwa mbele yangu badala ya kutazama altare, na vile alivyosuka mama nilivitambua bila kukosea. Najua binti si shahidi mzuri wa kazi ya mama yake. Ndiyo maana nilikuwa naangalia tena kila Jumapili.

Kamyoneti, gari dogo la mizigo, ilimgonga pale barabara inaposhuka kwenda Panda. Ilikuwa na magunia ya unga ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Dereva alikwepa baiskeli iliyobeba makaa, akamkuta mama ukingoni, kigoda kichwani, akienda kumsuka bibi harusi. Mkono wa kulia ulivunjika juu ya kiwiko. Siku hizo dereva aliyegonga mtu alikimbia kwanza na kufikiri baadaye, maana watu walipiga kabla ya kuuliza. Huyu alisimama. Alimbeba mama mwenyewe, akamlaza juu ya magunia, akampeleka hospitali, kisha akaenda polisi akasema ni yeye. Polisi wakaandika ripoti yao, na mimi, niliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu Lubumbashi nikisoma historia, nikapata habari kwa mdomo wa mtu aliyeshuka kwenye treni.

Niliporudi nyumbani kwa ruhusa ya chuo, swali langu la kwanza lilikuwa: kwa nini hakukimbia? Mama, mkono ukiwa ndani ya plasta, alinirudishia swali.

"Ungependa akimbie?"

"Hapana. Nataka kujua anataka nini."

"Masomo yenu ile," mama alisema, "inafundisha kuogopa muntu muzuri?"

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, dereva alikuja. Alikuwa mtu mwembamba, kofia mkononi, na nyuma yake alikuja mwanamke wa rika langu, furushi kichwani na jembe begani. Dereva hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa chini.

"Mama," alisema, "minye njo niliharibu mukono yako. Siko na kitu. Gari ni ya patron, tajiri yangu. Lakini kwetu Kambove, muntu akiharibu mukono ya mwenzake, anamuletea mukono ingine." Akamwonyesha yule mwanamke, ambaye kumbe alikuwa mkewe. "Ni bibi yangu. Njo huyu."

Niliuliza kilichonijia. "Kuna mtu amemuuliza yeye kama anataka?"

Mwanamke mwenyewe ndiye aliyejibu, huku anashusha furushi. "Kama sikutaka, ungeniona hapa? Miguu yote mbili ni yangu."

Mama alicheka, dereva akacheka, na mimi nikauliza atakaa mpaka lini.

"Mpaka mukono ipande," mwanamke alisema, na akauliza jiko liko upande gani.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu asiyekulia Likasi hatalijua. Sisi hatukuwa watu wa kampuni. Kampuni ya migodi ya serikali ilikuwa na hospitali yake, shule zake, unga wake wa kila mwezi na maziwa ya watoto wake, na mtoto wa kampuni ulimjua kwa viatu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya parokia, na alikuwa ameshafariki. Mama alitibiwa hospitali ya mji. Plasta ilipotolewa, mkono ulipanda mpaka usawa wa kifua ukakataa kwenda zaidi. Daktari alisema mfupa umeungana vibaya. Ilibidi ufunguliwe upya na kuwekwa chuma, Lubumbashi, na kazi hiyo haikuwa ya bure. Kama hamwezi, alisema, atabaki hivi. Hivi, kwa msusi, maana yake ni kwamba hakuna kazi tena.

Mama alitoka hospitali akitembea wima kama kawaida yake. Jioni nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto unauinua wa kulia kwa nguvu, unaufikisha kwenye bega, unauachia. Ulianguka. Akauinua tena.

Mke wa dereva alikuwa akilima shamba letu la mahindi pembeni mwa mji, anachota maji, anasonga bukari, yaani ugali wetu, anamwogesha mama mgongo. Alifanya hayo yote akiimba, na mimi nilimfuatilia kwa macho kama askari wa gereza. Nilikuwa na nadharia yangu: wametuletea mtu ili tuone haya kudai. Nilimwambia hivyo uso kwa uso, jikoni, wakati nimeshika mwiko ili nionyeshe kwamba nami naweza.

"Profesa," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu siku ya pili. "Weye unajua vita yote ya Bazungu, lakini bukari yako iko na mabuje, madonge madonge."

"Sisomi vita tu."

"Basi usome na bukari." Akaninyang'anya mwiko. "Kudai, udai. Nani anakukataza? Bwana yangu hapana na kitu, ulimusikia. Lakini patron yake iko na kitu."

"Patron wake amesema nini?"

"Amesema yeye hakuwa kwenye gari."

Hapo ndipo nilipokumbuka kioo cha mbele cha magari. Kila gari nchini lilitakiwa kubandika pale karatasi ndogo ya bima, asiransi kama tulivyoiita. Nilimuuliza kama kamyoneti ile ilikuwa nayo.

"Iko. Bwana yangu anaipanguza kila asubuyi kuliko anavyopanguza uso yake. Polisi wa barabarani banaanza pale."

Mtaani kwetu karibu kila mtu aliamini karatasi ile ilikuwa kodi nyingine tu ya serikali, au ilikuwa ya kumlipa tajiri gari lake likiharibika. Hata mimi, na vitabu vyangu, niliamini hivyo. Lakini kuamini kitu kwa sababu kila mtu anakiamini kulinikera, kwa hiyo kesho yake nilivaa kitenge cha mama, kile kizuri, nikaenda mjini kwenye ofisi ya bima.

Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana aliyevaa abakosi iliyopigwa pasi vizuri, lile koti lisilovaliwa na tai ambalo watumishi wote wa serikali walilivaa, na juu ya kichwa chake ilining'inia picha ya rais. Aliniita citoyenne, yaani raia, kama ilivyokuwa lazima, maana bwana na bibi vilikuwa vimefutwa. Sikumpenda tangu mlangoni. Hata hivyo alinieleza vizuri, na haki yake nampa. Mwenye gari, alisema, anafanya mkataba na ofisi. Hao ni wawili. Mtu atakayegongwa hajulikani bado, anaweza kuwa yeyote, na yeye anaitwa mtu wa tatu. Mkataba wote umeandikwa kwa ajili yake. Akiumia kwa kosa la dereva, ofisi inalipa matibabu yake, inalipa kazi aliyoipoteza akiwa kitandani, na inalipa kile ambacho mwili wake hautaweza tena. Haijalishi kama dereva ni maskini. Haijalishi kama tajiri hakuwa kwenye gari. Inatakiwa ripoti ya polisi inayoonyesha nani alikosa, na vyeti vya daktari vinavyoonyesha jeraha lilianza wapi na limefika wapi.

"Na kama aliyegongwa hajui haya yote?"

Alitabasamu. "Basi haji."

Nilirudi kwa miguu, nikipita chini ya ule moshi wa asidi wa viwandani unaokwaruza koo, na nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameandika ahadi kwa mama yangu kabla ya kumjua. Mimi nilikuwa na shaka na kila kitu kilichoandikwa na serikali, na bado nina shaka, lakini wazo lile lilikuwa zuri, na sikuona sababu ya kulikataa kwa sababu tu lilitoka chini ya picha ya rais.

Tulipeleka ripoti na vyeti. Baada ya muda ofisa akatangaza kwamba atakuja nyumbani kumwona mgonjwa.

Alikuja wakati wa joto, kiatu chake kimejaa vumbi jekundu. Mke wa dereva ndiye aliyemwona kwanza. Alimletea kiti, akampa maji ya kunawa, akampa na ya kunywa, akarudi kutwanga mihogo. Ofisa alimwangalia mama akiinua mkono mpaka kifuani, akaandika. Alimuuliza kazi yake, akaandika. Kisha akauliza, kwa heshima tu, kama yule ni binti mwingine wa nyumbani.

Mwenyewe alisikia. Aliacha kutwanga, akajipangusa mikono, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja cheo chake: "Minye ni bibi ya dereva. Njo minye mukono."

Ofisa aliuliza maana yake. Mama akamweleza yote: kuja kwa dereva, jembe, furushi, ile desturi ya Kambove, jinsi shamba lilivyopaliliwa. Alieleza kwa fahari, kama mtu anayemwonyesha mgeni ng'ombe wake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na niliona kalamu ya ofisa ikikauka hewani. Alifunga faili.

"Mama," alisema, "kumbe mmeshapatana."

"Tunapatana sana," mama alisema. "Huyu ni mutoto ya kwangu sasa."

"Ndilo ninalosema. Dereva amekubali kosa na ameshatoa fidia, na wewe umeipokea. Mapatano yaliyofanywa bila ofisi kujua, ofisi haihusiki nayo. Na mtu aliyekwisha kulipwa hawezi kulipwa tena."

Nilimuuliza fidia ni ipi. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kinu. Yule mwanamke, aliyesimama pale, aliuegemeza mchi ukutani, akaingia chumbani.

Ofisa alipoondoka, wanawake wa jirani waliingia, kila mmoja na shauri lake, na shauri lilikuwa moja. Mfukuzeni. Arudi Kambove leo, na kesho muende mkaseme alikuwa mpita njia, mgeni, msaidizi wa kulipwa, chochote. Ofisa ni kijana, atasahau.

"Weye mama, mukono yako au rafiki yako?" mmoja aliuliza.

"Nitamufukuza namna gani?" mama alisema. "Nimuambie: toka, maana ulinitendea vizuri?"

"Muambie arudi kiisha, ofisi ikimaliza kulipa."

"Na nitasema ofisini sikumuona? Muntu amenipakaa mafuta mugongo, niseme simujui?"

Wakati wakibishana, mke wa dereva alikuwa chumbani. Alitoka na furushi limefungwa na jembe lake. Hakuwa analia. Alimwambia mama, akitazama mlango, kwamba mahindi yamebaki mistari miwili, na kwamba mihogo iko ndani ya maji.

"Ikala," mama alisema, akimwonyesha mahali pa kukaa.

"Mama, nikibaki hapa mukono yako haitapanda."

"Nimesema ikala. Ulisema utaenda siku gani? Mukono imepanda? Angalia." Akauinua mpaka kifuani, ukabaki pale ukitetemeka. "Basi weka jembe."

Mimi, ambaye kwa wiki nyingi nilitaka mwanamke yule aondoke, niligundua kwamba nimesimama katikati ya mlango nikiwa nimeuziba. Nilikuwa nafikiri. Huwa natembea nikifikiri, lakini pale hapakuwa na nafasi, kwa hiyo niliuliza kwa sauti.

"Siku mlipokuja, bwana yako alisema 'Mama, usidai tena'?"

"Hapana."

"Mama, wewe ulimwambia 'Yamekwisha'?"

"Yamekwisha nini? Nilisema karibu."

"Kukitokea msiba, majirani wakaleta unga na kuni, wamelipa maiti?"

Mwanamke wa jirani aliyetoa shauri lile la kwanza alishika mdomo, kisha akasema, "Unga ni ya machozi tu."

"Basi kesho tunaenda watatu," nilisema. "Na hatusemi uongo hata mmoja."

"Profesa," mke wa dereva alisema, akiweka jembe ukutani, "leo umeongea kama muntu."

Hatukwenda kwa ofisa kijana. Nilikaa kwenye benchi ya ofisi nikikataa kuondoka mpaka tukapelekwa kwa mkubwa wake, mzee mwenye miwani mizito ambaye alikuwa anakula karanga kutoka kwenye droo. Kijana alisimama pembeni, faili mkononi. Mkubwa alituangalia: mama, ameketi wima, mke wa dereva, kitambaa kipya kichwani, na mimi, niliyekuwa nimekwisha kufungua kinywa.

"Citoyenne, unasoma sheria?"

"Historia, citoyen."

"Basi sheria tuachie sisi."

"Nimekuja kuuliza tu," nilisema. "Ofisi inasema mama yangu amelipwa. Naomba niambiwe amelipwa nini. Mkono wake una bei, mkataba wenu unasema hivyo wenyewe. Huyu dada anachota maji. Je, kuchota maji ndiyo bei ya mkono wa msusi? Na kama ni bei, nani aliipanga? Na kama hakuna aliyeipanga, hayo ni mapatano gani?"

Kijana alisema dereva alikiri kosa. Nikamwambia dereva alikiri kwa polisi siku ile ile, kabla ya kuja kwetu, na kwamba ripoti iko ndani ya faili alilolishika. Aliangalia faili kana kwamba limezungumza.

Mzee alimgeukia mke wa dereva. Alimuuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila citoyenne. "Mama, weye, nani alikutuma kulipa?"

"Baba, hakuna. Nilikuja kutumika, kufanya kazi."

"Kutumika si kulipa?"

Alifikiri. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia, na ninafurahi nilijizuia.

"Kama ningekuwa malipo, baba, bangeniambia siku ya kwisha. Deni iko na mwisho. Minye hakuna aliyeniambia mwisho. Nitaenda siku huyu mama atasuka tena. Kama hasuki, nitazeeka kwake, na mukono yake itabaki vile vile. Sasa angalia nyinyi wenyewe kama amelipwa." Akamgeukia mama. "Mama, bapandishie."

Mama alisimama. Mama yangu ambaye hakuwahi kuonyesha mtu yeyote udhaifu wake, aliyekuwa akivaa kitenge chake kizuri hata kwenda kwa daktari, aliinua mkono mbele ya wanaume wawili mpaka pale ulipokomea. Hakuutazama. Aliwatazama wao. Kisha akainua wa kushoto mpaka juu kabisa, vidole vimefunguka, ili waone tofauti.

"Kichwa ya muntu iko hapa," alisema, akionyesha kwa mkono ulio mzima. "Na hii ingine inafika hapa. Kati ya hapa na hapa, njo kazi yangu yote."

Mzee alivua miwani, akaifuta. Alimwambia kijana, kwa Kifaransa, polepole, kwamba kumsaidia mtu uliyemuumiza hakukuhesabiwa popote kuwa mapatano. Kwamba mkataba wenyewe ulilitenga jambo hilo waziwazi, na kama usingelitenga, kila dereva angewaacha watu barabarani kwa kuogopa bima. Mapatano ni pale mtu anaposema nimetosheka, sidai. "Huyu mama ametosheka?" Kijana alisema hapana. Sikusikia uchungu katika sauti yake; nadhani alikuwa anajifunza, kama mimi.

Mambo hayakuisha siku hiyo. Kulikuwa na daktari wa ofisi aliyepaswa kumpima, na safari nyingine kwa mfanyabiashara ili akubali kwamba gari ni lake hata kama hakuwa ndani. Niliuliza sana. Nadhani walifanya haraka mwishoni ili nisirudi. Ofisi ililipa upasuaji na kitanda Lubumbashi. Kuhusu siku mama alizokaa bila kusuka walitoa pungufu ya tulichodai, wakisema msusi hana karatasi ya mshahara, na nikawauliza kama vichwa vya Likasi si karatasi. Jibu bado nalidai.

Nilirudi chuo. Niliweza kurudi kwa sababu nyumba ilikuwa na mtu. Nilipofika likizo, mama alikuwa na kovu refu lililong'aa, na mkono ulikuwa unapanda kila siku kidogo zaidi, kwa mazoezi ambayo yule mwanamke alimsimamia bila huruma. "Tena, mama. Kambove tunapandisha." Mama alimtukana kwa upole, akapandisha.

Nilikuwa nimefumua nywele zangu kabla ya kusafiri. Nilijua nitakuwa kichwa cha kwanza. Asubuhi ile mama alitoa kigoda uani, akatoa nyuzi, chanuo la mti na mafuta, akakaa, akafungua magoti. Nilisogea.

"Weye ngoja," alisema. "Kuna aliyetangulia."

Mke wa dereva alikuwa anafua. Alikataa, akasema maji yatapoa, akasema nywele zake ni fupi, akasema mambo mengine mengi. Mwishowe alikaa chini, na kichwa chake kikaingia kati ya magoti ya mama. Mama alitenga mstari wa kwanza. Viwiko vikapanda, vyote viwili, vikasimama hewani, na havikutetemeka. Nilikaa kwenye ngazi nikitazama. Majirani walikuja kimya kimya na kuegemea ukuta. Jua liligeukia Panda, na mama alikuwa bado anafanya kazi.

Jioni dereva alikuja na kamyoneti kumchukua mkewe. Jembe liliwekwa nyuma, furushi likawekwa. Mwanamke mwenyewe alikataa kukaa ndani, karibu na karatasi ya asiransi iliyopanguzwa vizuri. Alipanda nyuma, akasimama akishika chuma, bila kitambaa kichwani, mistari imenyooka, nyuzi zimesimama.

"Profesa," aliniita, "bakikuuliza hapa Likasi nani alinisuka?"

"Nitawaambia waangalie."

Gari liliondoka polepole, na kila mtu barabarani aligeuza shingo kutazama kichwa kile mpaka kilipopotea upande wa Kambove.